Tatizo la filamu ya Rafiki halikuwa wasichana wawili, lilikuwa ule mwisho

Mleta uzi

Wakuu, jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu 2018, leo nalitua. Atakayetaka kunisema na aniseme, ila asome kwanza mpaka chini.

Mimi ni Mkristo. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu nikiwa darasa la saba. Sirushi mawe juu ya paa la watu. Nimo ndani ya nyumba hiyo na jiwe likishuka litanipiga mimi pia.

Tarehe 27 Aprili 2018, bodi yetu ya kuainisha filamu hapa Kenya, KFCB, iliipiga marufuku filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki. Kena na Ziki, wasichana wawili wa Nairobi, baba zao wanashindana kwenye uchaguzi, wao wanapendana. Bodi ikasema filamu inahimiza usagaji, kinyume cha sheria na maadili yetu. Wakati huohuo ilikuwa imeshachaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika pale. Hayo mnayajua.

Ambalo watu hulipita mbio ni hili. Kahiu mwenyewe alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Wahusika hawakuonyesha majuto ya kutosha. Akakataa, filamu ikafungiwa.

Hebu kaeni na hilo kidogo. Ndani ya filamu ile wasichana wanapigwa na umati. Wanasemwa kutoka mimbarini. Wanatenganishwa, mmoja anapelekwa London. Mateso yamo tele, na mateso hayo hakuna aliyetaka yakatwe. Kilichokosesha watu usingizi ni kwamba baada ya yote hayo, mwishoni kabisa, kuna mkono unamgusa Kena begani.

Kwa hiyo nauliza, tunalinda maadili au tunalinda adhabu?

Maana kila jioni runinga zetu zinatuonyesha mke akimtilia mwenzake sumu, mume mwenye nyumba ndogo tatu, mhubiri anayemnyang'anya mjane shamba. Tunakaa na watoto sebuleni tunatazama, tunasubiri kesho. Sijasikia kikao cha maombi kikiitishwa kwa ajili ya tamthilia hizo. Tunasema ni hadithi tu, inafundisha. Ila wakiwa wasichana wawili juu ya paa la nyumba wakicheka, hapo hadithi haifundishi tena, inaambukiza.

Sasa la kwangu, ndilo lililonifanya niandike.

Kwaya yetu ilikuwa na mpiga kinanda, kijana wa miaka 26. Miaka sita alitufundisha bila kulipwa hata nauli. Ndiye aliyetutoa kwenye kuimba kwa kukisia akatufundisha kusoma solfa. Mama yake alikishonea kinanda cha kanisa kifuniko cha kitambaa cha zambarau chenye pindo jeupe, kisiingie vumbi. Siku moja picha ikaanza kuzunguka kwenye simu. Yeye na mwenzake wa kiume wamekaa ufukweni, mmoja amemwegemea mwingine begani. Ni hiyo tu. Wazee wakaita kikao Jumamosi tukiwa mazoezini. Aliingia ofisini, dakika kumi hazikuisha akatoka. Akaweka funguo mbili mezani, wa mlango wa nyuma na wa kabati la vitabu. Akakikunja kile kitambaa polepole, mara nne, akamgeukia mzee wa zamu akauliza, "Hiki ni cha mama. Nikiache au niende nacho?" Hakujibiwa. Akakilaza juu ya kinanda, akaondoka.

Miezi mitatu kabla, wazee walewale walisimama mbele ya madhabahu kumrudisha kundini mwenzao aliyekula pesa za ujenzi. Mabati tuliyochangia hatujayaona mpaka leo. Tulihubiriwa mwana mpotevu, mhubiri akalia, nasi tukalia, mzee akarudishiwa kiti chake cha mbele. Simwonei wivu kusamehewa. Lakini yule aliiba, na huyu alikuwa ameegemewa begani.

Jumapili iliyofuata tuliimba bila kinanda. Tulianza juu mno, sauti ya kwanza ikakatika ubeti wa pili. Mimi nilikuwepo. Sikusema neno siku ile, wala iliyofuata.

Mchangiaji wa 2

Dada, maneno mazuri lakini dini imeshamaliza. Biblia imekataza, Qur'an imekataza. Kisa cha kaumu ya Lut kinajulikana hata na mtoto wa chekechea. Huo ni utamaduni wa wazungu mnaoletewa na filamu ili mzoee kidogo kidogo. Leo filamu, kesho ndoa. Mzee aliyeiba alitubu. Mpiga kinanda alitubu?

Mleta uzi

Mkuu, umeuliza swali la haki, nalijibu. Hakuna aliyemuuliza kama anatubu. Hakuna aliyemuuliza chochote. Picha ndiyo iliyohojiwa.

Kuhusu wazungu: vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyompa mtu mpaka miaka 14 jela kwa tendo la jinsia moja, tuliandikiwa na Waingereza. Kanuni hiyo ilianza kutumika 1930, tukiwa koloni, kwa lugha waliyokwisha kuitumia India tangu karne ya 19. Wao kwao Uingereza walianza kuilegeza sheria ya namna hiyo 1967. Sisi tumebaki tukiilinda kana kwamba ilitoka kwa mababu, na Mei 2019 Mahakama Kuu ikakataa kuiondoa. Mtu akisema Biblia inamkataza, namwelewa, tutazungumza. Akisema ni mila yetu, namwomba aangalie muhuri ulio kwenye karatasi.

Na kwa kuwa umeitaja kaumu ya Lut, yaani watu wa Sodoma, fungua Ezekieli 16:49. Nabii anahesabu maovu ya mji ule: kiburi, kushiba, starehe, na kutomsaidia maskini na mhitaji. Mstari unaofuata unataja machukizo, silifichi hilo. Lakini kiburi na kumwacha maskini ndivyo vilivyotangulia. Nimekaa kanisani miaka 20 na zaidi, mstari huo sijausikia ukisomwa hata mara moja siku Sodoma inapohubiriwa.

Mchangiaji wa 3

Nilikuwa mmoja wa walioiona. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba, watu wazima tu, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kuombewa Oscar. Alisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na kutazama filamu tu. Oscar yenyewe haikupata nafasi, Kenya ilipeleka Supa Modo, nayo ni filamu nzuri, sina neno.

Ninachotaka kusema ni kuhusu ukumbi. Nilipata kiti cha pembeni kabisa. Mbele yangu walikaa kina mama wawili wa makamo, wamevaa vizuri kama wanaokwenda harusini, mikoba mapajani. Nikajiambia hawa watatoka nusu ya filamu. Wasichana walipoanza kupigwa, mmoja alivua miwani, akaishika tu mkononi, hakuirudisha machoni. Ule mkono ulipomgusa Kena begani, ukumbi wote ulitoa pumzi mara moja, unaisikia. Taa zikawaka, watu hawakunyanyuka. Yule mama akamwambia mwenzake, "Hivi ndicho walichotuficha?"

Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi kamili, ikaiunga mkono bodi.

Mchangiaji wa 4

Mimi ni mzazi wa watoto watatu na siombi radhi kwa hofu yangu. Sichukii mtu. Ila nikiwasha katuni sitaki nianze kueleza mambo ambayo mwenyewe sijajua nitayaelezaje. Mwaka 2017 bodi ilitoa orodha ya katuni sita za kuondolewa, nikashukuru. Nyinyi mnaoandika uhuru wa sanaa, watoto wetu mnawaweka wapi?

Mleta uzi

Mama, hofu yako naiheshimu na sitaipuuza. Kazi ya bodi ni kuainisha, jina lake lenyewe linasema. Ingeipa Rafiki alama ya miaka 18, mtoto wako asingeiona na mimi nisingeandika uzi huu. Jaji aliruhusu kwa sharti hilohilo. Lakini walipoifungia kabisa walituambia sote, mimi na wewe na yule mama aliyevua miwani, kwamba tuko sawa na mtoto wa miaka sita.

Niongeze jambo moja, nalisema taratibu. Katika watoto wa mtaa wowote yupo ambaye akikua atagundua yuko hivyo. Sijui ni wa nani. Huyo naye ni mtoto, na kitu cha pekee tunachomwonyesha kuhusu maisha yake ni matusi na mawe.

Mchangiaji wa 5

Nakaa kwenye uhariri wa filamu, niwape kipande cha historia kwa sababu hili la mwisho wa filamu si letu peke yetu.

Marekani walikuwa na kanuni ya sinema iliyoandikwa 1930. Waandishi wake ni wawili, padri Mjesuiti Daniel Lord na mchapishaji Mkatoliki Martin Quigley. Miaka ya kwanza studio ziliikiuka, lakini 1934 Wakatoliki walianza kuapa kanisani kwamba hawatazitazama filamu chafu, studio zikaona pesa inakimbia, na Joseph Breen akawekwa langoni. Bila muhuri wa ofisi yake filamu haikuingia kwenye majumba makubwa. Kanuni ilikataza "upotovu wa kijinsia" hata kwa kudokeza. Ilikataza pia mtazamaji kuachwa akimwonea huruma mhalifu au mtenda dhambi. Mwizi angeweza kuiba filamu nzima mradi mwishoni akamatwe au afe.

Mwaka 1961 wakalegeza, mada ya mapenzi ya jinsia moja ikaruhusiwa kwa tahadhari. Unajua kilichofuata? Wakaanza kuonekana, na kufa. Wanajinyonga, wanachomwa kisu, wanaangukiwa na miti. Kanuni ikafutwa 1968 lakini mkono ulishazoea. Mpaka leo mwandishi wa tamthilia akimleta mhusika wa namna hiyo, mtazamaji mzoefu anaanza kuhesabu vipindi vilivyobaki kabla hajazikwa.

Niliposoma kwamba bodi yetu ilitaka majuto, nilijiuliza kama kuna aliyefufua faili za Breen. Ni dai lilelile, tofauti ya miaka zaidi ya 80.

Mchangiaji wa 6

Assalaam aleikum. Niseme wazi ili nisieleweke vibaya, kwangu mimi tendo hilo ni haramu na sitabadilika. Hata hivyo mleta uzi kasema kweli ambayo sisi upande wetu pia inatuuma.

Suratul Hujurat aya ya 12 inakataza kupelelezana na kusengenyana. Yapo masimulizi ya Sayyidna Umar akipiga doria usiku Madina. Akasikia mtu anaimba ndani, akaparamia ukuta, akamkuta na pombe na mwanamke. Yule mtu akamwambia, ewe Amirul Muuminina, mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu: Mungu amekataza kupeleleza nawe umepeleleza, ameamrisha nyumba ziingiwe milangoni nawe umepita ukutani, na umeingia bila idhini wala salamu. Umar akakubali, akamwacha.

Sasa hizo simu zinazosambaza picha ya kijana ufukweni, si ndizo ukuta wetu wa leo? Mwenye kuisambaza anaswali, na mkono wake umebeba dhambi ambayo haikuhitaji shahidi hata mmoja. Mimi kazi hiyo nimeikataa, na msikitini kwetu nimeisema mpaka wakanichoka.

Mchangiaji wa 7

Wanafiki wote hawa. Yule Ted Haggard wa Marekani, rais wa umoja wa makanisa ya kiinjilisti, akipinga ndoa za jinsia moja, 2006 ikajulikana alikuwa na mwanaume wa kulipwa. Akajiuzulu. Kila anayepiga kelele sana mchunguze, utamkuta nyuma ya pazia. Na hapa kwetu Shakahola zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri Mackenzie imefukuliwa, bodi ilikuwa wapi? Ilikuwa inawinda busu.

Mleta uzi

Mkuu wa 7, naomba tusiende hivyo. Mawili.

La Shakahola si kweli kwamba bodi haikugusa. Mackenzie alishtakiwa kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni, na Desemba 2023 mahakama ya Malindi ilimfunga mwaka mmoja kwa hilo. Tukidai ukweli kwa wenzetu, nasi tuushike. Swali linalobaki ni kwa nini msitu ulipokuwa unajaa makaburi, kelele zetu za hadharani kuhusu kanisa na maadili zilikuwa upande mwingine. Hilo si la bodi peke yake. Ni la kila kwaya, na yangu imo.

La Haggard, sitaki kumcheka. Unaposema "kila anayepiga kelele mchunguze" unatuambia kwamba chuki ni kazi ya hao waliojificha, wao kwa wao. Hapana. Wale wazee wangu ni watu wa kawaida wenye wake na wajukuu, wanaotembelea wagonjwa, walionizikia baba. Na walifanya walichofanya. Haggard mwenyewe alikulia mahali ambapo ukweli wake ungemgharimu kila kitu, akaufukia, kisha akajenga juu yake. Unafiki haukuanza na yeye. Tuliuweka kama ada ya kiingilio: kaa nasi, imba nasi, piga kinanda, mradi tusijue.

Mchangiaji wa 8

Mimi mama wa pwani, niingilie kwa neno moja tu. Sisi wanawake tangu enzi za bibi zetu tunaitana "shoga". Shoga yangu ndiye ananisuka, ananishika uzazi, ananizika. Nikisikia barabarani vijana wanamtupia mtu neno hilo kama tusi, kisha wanaokota jiwe, huwa nasimama. Neno letu la mapenzi wamelifanyia nini? Na mtunzi wa filamu naye kaichagua "Rafiki", kwa sababu hao wapenzi ndivyo wanavyolazimika kutambulishana mbele za watu, huyu ni rafiki yangu. Maneno mawili mazuri kabisa ya urafiki, moja tumeligeuza tusi, jingine limekuwa maficho.

Mchangiaji wa 2

Nimerudi. Sijabadili msimamo, dhambi ni dhambi. Lakini hili la kutoulizwa limenikaa vibaya. Mtu amehudumu miaka sita, hata kama ni kumtoa, hutolewi kama mbwa aliyeingia msikitini. Kwa hilo wazee wenu walikosea.

Swali langu lingine: kwani hiyo bodi si ilifuata sheria? Kama tendo ni kosa, kulionyesha kwa uzuri si kuhimiza kosa?

Mleta uzi

Ahsante kwa kurudi, mkuu, wengi huwa hawarudi.

Kuua ni kosa, na filamu za majambazi wanaopendeza zimejaa. Ufisadi ni kosa. Kuonyesha si kuhimiza, isipokuwa kwa mtu mmoja tu tuliyeamua kwamba akionekana ametabasamu basi anahubiri. Ibara ya 33 ya Katiba yetu inataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Haikuweka sharti kwamba mbunifu alie mwishoni.

Na tazama ya pili, ya Septemba 2021. Bodi ikafungia I Am Samuel, filamu ya kweli, si ya kuigiza, kuhusu kijana wa Kenya anayempenda mwanaume mwenzake huku baba yake ni mhubiri kijijini. Kati ya sababu zilizotolewa ni kwamba inaudhalilisha Ukristo, kwa kuwa wawili hao wanafanya ibada ya ndoa wakilitaja jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Niliisoma taarifa hiyo mara tatu. Tunawaambia hawa watu hawana Mungu. Halafu mmoja anapoonekana akimwita Mungu kwa machozi, tunasema hapo ndipo alipovuka mpaka. Ingekuwa vilabuni, ulevi na kulaaniana, pengine tungeona imetufundisha jambo. Kilichotuudhi ni sala.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mpiga kinanda wetu. Kabla ya kila mazoezi alikuwa anaomba yeye, sentensi mbili, hazizidi. "Bwana, tupe sauti moja. Na asiye na sauti leo, umsikie hivyohivyo."

Mchangiaji wa 4

Dada, nimesoma yote. Hofu yangu bado ninayo. Ila nimewaza, kama ningekuwa mama yake yule wa kitambaa, ningefanyaje. Sijapata jibu. Yuko wapi sasa huyo kijana?

Mleta uzi

Mama, swali lako limenikalia siku mbili, jana usiku nikampigia. Namba yake nilikuwa nayo miaka yote hii.

Yuko mji mwingine, anapiga kwenye harusi na anafundisha watoto nyumbani. Sauti ileile. Nilianza kuomba msamaha nikaharibu, maneno yakaniishia. Akaninyamazia kidogo, kisha akaniuliza kama bado tunaimba ule wimbo wa Jumapili ya Matawi, na kama sauti ya pili bado wanakosea pale mstari wa tatu. Nikamwambia bado. Akanikumbusha pale: so, la, so, fa, mi, usikimbilie fa. Aliniimbia kwenye simu, nikaimba naye, saa nne usiku, niko jikoni. Mwisho akauliza kitambaa. Nikamwambia kipo, kimechujuka, ila kipo.

Kesho tuna kikao cha kwaya. Ajenda ya pili ni mchango wa kinanda kipya. Nimemwomba mwenyekiti dakika tano kabla ya ajenda hiyo, akaniuliza ni za nini, nikamwambia.